Simu haina kengele ya kutoka

Kengele ya shule yetu ni rimu ya lori. Imening'inizwa kwa waya kwenye mwembe ulio mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, na chuma cha kuigongea hukaa dirishani kwa walimu ili kisiondoke na watoto. Nimefundisha Historia na Kiswahili kwa miaka 19, mingi kati ya hiyo hapa hapa wilayani Muheza, Tanga, na sikuwahi kuitilia maanani ile rimu hadi wiki moja ya Mei 2024.

Jumapili ya tarehe 12 mwezi huo, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Jumatatu asubuhi sisi hatukuwa na habari hiyo. Tulichojua ni kwamba simu zimegoma. Kila mtu ofisini alikuwa akiilaumu laini yake. Mmoja alikuwa amenunua bando la wiki usiku uliotangulia na aliamini kabisa kwamba limeibwa. Saa nne, wakati wa chai, mlinzi ndiye aliyetufumbua macho, kwa sababu yeye ana redio.

Siku zilizofuata mtandao ulikuja na kutoweka kama umeme wa mgawo. Ofisi yetu ikarudi kuwa na kelele. Mwalimu wa Hesabu na mwalimu wa Jiografia walibishana kuhusu Simba na Yanga mpaka kengele ikawakatiza, ubishi wa mdomo, wa kumwona mwenzako anavyokasirika, badala ya kurushiana stika. Madaftari ya Kidato cha Pili niliyoyalimbikiza tangu Aprili niliyamaliza kwa jioni mbili. Na rimu ilipogongwa saa nane na nusu mchana, kazi ikaisha. Hilo ndilo lililonishtua. Nilitembea kwenda nyumbani nikihisi kama nimesahau kitu, nikapapasa mifuko mara mbili. Kumbe sikusahau chochote. Nilikuwa nimezoea kazi inifuate njiani, na siku hiyo haikunifuata.

Sitaki kuipamba wiki ile. Mwenzetu mmoja ana binti anayesoma nje ya nchi, na siku mbili alizoshindwa kumpata alikonda tukimwona. Mwingine huuza vitenge kwa kuviweka stetasi, wiki hiyo hakuuza hata kimoja. Mtandao ni riziki, na kwa familia zilizotawanyika ndio sebule yenyewe. Anayehubiri kwamba tuuzime turudi kwenye barua za posta huenda hana mtoto aliye mbali.

Lakini tangu hapo nayasikiliza kwa sikio jingine mazungumzo yetu kuhusu simu na afya ya akili. Semina zote, mahubiri yote, hata nasaha ninazotoa mwenyewe asubuhi kwenye mstari, huzunguka jambo moja tu: kiasi. Punguza saa za simu. Jizuie. Kuwa na nidhamu. Nilikuwa mwalimu wa nidhamu kwa miaka minne, kwa hiyo neno hilo nalipenda kuliko wengi, lakini hapa naona limebebeshwa mzigo usio wake. Shule yenye mamia ya watoto haiendeshwi kwa kumwachia kila mmoja ajue mwenyewe kipindi kimeisha saa ngapi. Tunagonga rimu. Swali langu kuhusu simu ni la aina hiyo: kengele yake iko wapi, na chuma kiko mkononi mwa nani?

Vyombo vya habari nilivyokua navyo vilikuwa na kengele zao. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho, wa michezo, na ukishausoma linakwenda kufungia maandazi. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku iliisha, mzee akazima redio kuokoa betri, na hapakuwa na habari nyingine mpaka asubuhi. Hata tovuti mwanzoni zilikuwa na kurasa. Ukifika chini unabonyeza kwenda ukurasa unaofuata, na hapo ndipo ulipopata nafasi ya kujiuliza: niendelee au nikalale? Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila unaposhuka. Alitaka kumrahisishia mtu kazi, na baadaye alijitokeza hadharani kueleza majuto yake. Kwa lugha ya shuleni kwetu, siku hiyo rimu iliteremshwa kutoka mtini.

Miaka mitatu baadaye Facebook ikaleta kitufe cha kupenda, na mchezo ukabadilika tena. Mwanasaikolojia B.F. Skinner alikuwa ameshaonyesha katikati ya karne iliyopita kwamba njiwa anayepata punje kwa kubahatisha, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya thelathini, hudonoa kwa ukaidi kuliko yule mwenye uhakika wa punje yake. Vijana wetu wa mikeka ya kubeti wanaijua hali hiyo bila kusoma saikolojia. Ukifungua simu leo huenda kuna kitu, huenda hakuna, na hiyo "huenda" ndiyo inayokufanya uifungue tena baada ya dakika nne.

Nami simo nje ya kundi la njiwa. Mwezi uliopita nilichukua simu saa tatu usiku kutafuta idadi ya wasichana wa Kidato cha Kwanza, jambo la dakika mbili. Saa saba kasoro nilikuwa nikimtazama mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, akisafisha zulia chafu. Zulia la nne. Mama watoto alijigeuza akaniuliza, "Baba, unasahihisha au unafua?" Ile idadi ya wasichana sikuipata.

Hayo ya burudani yameshaandikwa sana, niyaache. Kinachoniuma zaidi ni kazi.

Niko kwenye makundi 14 ya WhatsApp yanayohusu kazi au yanayojifanya yanahusu kazi. La walimu wote wa shule, la walimu wote bila mkuu, la walimu wa Historia wa wilaya, la kata, la kamati ya mtihani wa moko, la michezo, la rambirambi, la kikoba. La wazazi wa Kidato cha Tatu, ambamo tangazo la kikao huzikwa chini ya dua, dawa ya presha na video ya ajali. Yaliyobaki hata mimi nikiulizwa ni ya nini nitababaika.

WhatsApp ilipoleta tiki za bluu Novemba 2014, ofisini kwetu tulicheka tukasema hayo ni mambo ya wapenzi kufumaniana. Kumbe ilikuwa rejista ya mahudhurio. Unaweza kuzizima mkiongea wawili, lakini kwenye kundi huwezi, na mwenye shida na wewe akigusa ujumbe wake anaona nani kasoma na nani bado. Ndipo ukazaliwa utamaduni wa "Nimepokea, mkuu." Saa nne usiku inaingia amri: takwimu za utoro zifike kabla ya saa moja asubuhi, utekelezaji wa haraka. Chini yake watu thelathini na kitu wanaandika kwamba wamepokea. Simu zote za kundi zinalia mara thelathini na kitu, kila mtu akimtangazia mwenzake kwamba yuko macho. Katika kituo kimoja nilichopita huko nyuma, mwalimu ambaye hakujibu aliitwa asubuhi aandike barua ya kujieleza. Nilimsaidia kuiandika. Tulihangaika na aya ya pili, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa kwamba alilala.

Nikiwafundisha Kidato cha Tatu uchumi wa kikoloni naanza na mkonge, kwa kuwa wanauona dirishani. Babu zao wengine waliletwa Tanga kama manamba, wengine kutoka Kigoma, wengine Njombe, wengine ng'ambo ya Ruvuma. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mpaka siku hizo zitimie hakuona mshahara. Ilikuwa dhuluma na siitamani. Ila watoto hushangaa ninapowaambia kwamba aliyemaliza ngwe yake alirudi kambini, na nyapara hakuwa na njia ya kumfuata kitandani na jani moja zaidi la mkonge. Mwaka jana mmoja alinyoosha mkono: "Sasa mwalimu, wewe ngwe yako inaisha saa ngapi?" Darasa likaangua kicheko. Nikawapa zoezi.

Kwenye karatasi jibu lipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Lakini ilitungwa wakati ambapo mkubwa aliyekuhitaji usiku ilibidi aje agonge mlango, na kabla hajagonga alijifikiria. Ufaransa waliliona pengo hilo, na tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Kenya kulikuwa na muswada wa mwaka 2022 ulioanzia Seneti, wenye wazo hilo hilo. Katika mikutano ya walimu niliyohudhuria mimi, tumelalamikia madaraja, posho na nyumba, na tuna haki. Usiku wetu hakuna aliyewahi kuuwekea ajenda.

Tusimsingizie mkuu wa shule peke yake. Anayetuma saa nne ameulizwa saa tatu na nusu, na aliyemuuliza ameulizwa saa mbili na kitu na mwingine aliye juu yake. Zamani ngazi hii ilipanda kwa barua, na barua ilichelewa njiani, na huko kuchelewa kulimlinda mtu bila yeyote kukusudia. Sasa swali linashuka kutoka juu hadi kwa mwalimu wa zamu kwa nusu saa, na kila aliye katikati anaogopa kuwa yeye ndiye aliyechelewesha. Takwimu nyingi zinazoombwa hivi ziko tayari kwenye mfumo. Anayeziomba naye hajapata muda wa kuufungua, kwa sababu anajibu ujumbe.

Na nisiwe mtovu wa shukrani. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na changu nimekitumia kuonyesha ramani ya misafara ya Tabora na Ujiji kwa watoto ambao hawakuwahi kuona ramani isiyochanika kwenye mikunjo. Kwa somo, kile kidude ni neema. Lakini tangu nikipate, begi langu la kazi halijawahi kubaki kazini.

Kuna upande mwingine ambao semina za afya ya akili hupita kando yake, nao ni deni. Walimu tunajulikana kwa kukopeshwa, mshahara wetu ni dhamana inayotembea. Mkopeshaji wa kausha damu wa zamani alikaa mtaani, ukajua njia ya kumkwepa, ukapitia nyuma kwa fundi cherehani. Wa sasa anakaa kwenye simu. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi, nawe una mgonjwa hospitali, unabonyeza kubali. Ukichelewa siku mbili, majina yale yanaanza kupokea ujumbe. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mzuri kuliko mimi, alikopa fedha ambayo haifiki bei ya gunia la mahindi. Ujumbe wa kumwita tapeli ulifika kwa mkuu wake wa shule, kwa shemeji yake, na kwa mzazi wa mwanafunzi wake. Mzazi alimwonyesha mwanafunzi. Kwa wiki nzima alifundisha akitazama ubao.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila leseni. Hiyo kwangu ni hatua ya afya kuliko mabango yote ya "jali afya yako ya akili" niliyoyaona. Ilikuja bila kumwambia rafiki yangu avute pumzi ndefu au azime simu saa moja kabla ya kulala. Ilimfuata aliyeshika chuma. Naona tunahitaji zaidi ya aina hiyo na pungufu ya mabango.

Nije kwa watoto, maana ndio kisingizio cha mazungumzo haya kila yanapoanza. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi wetu, na kwenye geti tunazikamata chache sana. Wanazo nyumbani, za mama. Muhula uliopita niliwapa Kidato cha Nne insha yenye kichwa "Usiku wa jana", bila kuwatajia simu. Nilitaka kujua kwa nini kipindi cha kwanza cha Jumatatu nafundisha macho yaliyofumba. Wengi waliandika waliyodhani mwalimu anataka kusoma: nilijisomea, nikasali, nikalala. Wachache walikuwa wakweli. Mmoja, kijana mtulivu, aliandika sentensi niliyoirudia mara kadhaa: "Huwa naangalia mpaka bando la mama linaisha, ndipo nalala." Mwingine alieleza anavyotega kuamka saa sita, kwa sababu bando la usiku ni rahisi na linaisha alfajiri.

Nilikaa na hayo madaftari muda mrefu. Huyu wa kwanza ana kengele, nayo ni umaskini. Senti za mama zikiisha, kipindi kimeisha. Wa pili ameuziwa usiku kwa bei ya jumla, na aliyemuuzia anajua vizuri ni umri gani wenye haja na bidhaa hiyo na usio na fedha ya mchana. Kijana wa miaka 16 anahitaji kulala si chini ya saa nane. Hesabu mwenyewe: aamke saa sita, alale alfajiri, atembee kilomita nne, aje anikute na Mkutano wa Berlin. Nilikuwa nikimwita mzembe. Sasa sijui nimwiteje, lakini neno hilo nimeliacha.

Australia tangu tarehe 10 Desemba 2025 wamewakataza walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Wenzangu kadhaa walishangilia wakitaka na sisi tuige kesho. Ngumu. Nyumba nyingi ninazozijua, simu janja ni moja, laini imesajiliwa kwa alama ya kidole ya mama, akaunti ni ya mama, na anayeitumia ni yeyote aliye karibu na chaja. Mtandao wenyewe unaamini kwamba mama wa miaka 43 anapenda sana magari ya mchezo na densi za Kikongo. Kumkataza mtoto asiyeonekana kwenye daftari lolote ni kazi bure. Kuuliza kama ni lazima bando la bei rahisi kuliko yote liuzwe saa ambazo watoto wanapaswa kulala, hilo linawezekana, na wa kuliuliza tunawafahamu.

Kwa upande wetu nimeandika pendekezo la ukurasa mmoja. Nalieleza hapa kwa kuwa ni dogo mno kuitwa mkakati. Kundi la kazi lifungwe saa kumi na mbili jioni. WhatsApp yenyewe inamruhusu admini kuweka kwamba ni maadmini tu watakaoandika, kwa hiyo kufungwa ni suala la kubonyeza. Kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi hakuna amri, na ikitumwa kwa bahati mbaya ihesabiwe imetumwa asubuhi. Anayefiwa, anayeugua, mwanafunzi aliyepotea, apigiwe mtu simu, ya sauti, kwa sababu kupiga kuna aibu yake na aibu hiyo itachuja. "Nimepokea" zifutwe kabisa, ukimya uhesabiwe ni kupokea. Takwimu ziombwe siku mbili kabla ya kuhitajika. Hili la mwisho mkuu wangu, mtu muungwana, alilisoma akacheka kwa huzuni, akasema hawezi kuahidi analoombwa na wengine kwa saa mbili. Nikamwambia hata wao wanaweza kujibiwa asubuhi. Akanitazama jinsi ninavyowatazama Kidato cha Kwanza.

Wenzangu wamegawanyika kuliko nilivyotarajia. Vijana walioajiriwa juzi ndio waliokuwa wazito. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba kujibu haraka usiku ndiyo njia pekee aliyonayo ya kuonekana, maana darasani hakuna mkubwa anayekuja kumwona anavyofundisha. Sikuwa na jibu. Bado sina. Mwalimu wa Hesabu yeye anaunga mkono, ila anataka kundi la "bila mkuu" libaki wazi, eti huko ndiko anakopumulia. Nimeangalia. Juzi amepumulia huko mpaka saa tano na dakika hamsini.

Mkuu amekubali jambo hili liingie kwenye kikao cha Ijumaa. Amelipanga kwenye "Mengineyo", baada ya chakula cha wanafunzi na ukarabati wa vyoo, na hapo silalamiki, vyoo vyetu mwenyewe unavijua ukivipitia. Tangazo la kikao pamoja na ajenda zake liliingia kwenye kundi jana, saa nne na robo usiku. Asubuhi nilihesabu waliopokea. Walikuwa 31, na mimi nilikuwa wa sita.